Slania ya Eluveitie: CD tamu, kibandiko kimekosea mlango

Haya wadau, karibuni tena. Leo nina furaha na nina hasira, na vyote viwili vimeletwa na kitu hiki hapa. Subirini kamera ishike... eeh, sasa mnaona. Slania, albamu ya mwaka 2008 ya Eluveitie, bendi ya Uswisi inayopiga metali, ule muziki mzito wa gitaa za kunguruma. Furaha ni muziki. Hasira ni hiki kibandiko chekundu hapa pembeni. Duka lililoniuzia, na silitaji jina, limebandika maneno haya: "metali ya kipagani". Nimekikwangua kwa kucha, kimegoma. Kwa hiyo leo tunachambua CD, na kibandiko nacho tunakichambua.

Historia ya bendi sianzi nayo. Mliopo hapa mnamjua mwimbaji wao Chrigel Glanzmann, mnajua alianzisha bendi mwaka 2002 huko Winterthur, na mnajua enzi za Slania jukwaani walipanda watu wanane: gitaa, besi na ngoma upande mmoja, fidla, filimbi, bagpaipu na hadigadi upande wa pili. Mgeni, kuna video ya utangulizi kwenye orodha, itazame kisha urudi. Tusonge.

Naomba tukae hapa nyuma ya kasha, kwenye orodha ya nyimbo. Nasogeza karibu. Someni na mimi. Wimbo wa kwanza, Samon. Wa tano, Anagantios. Wa tisa, Giamonios. Wa 12, wa kufungia, Elembivos. Hayo ni majina ya miezi, na yametoka kwenye kalenda ya Coligny.

Coligny ni mji mdogo mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1897 vilichimbwa huko vipande vya bamba kubwa la bronzi, vimevunjikavunjika, na vilipopangwa upya ikaonekana ni kalenda ya Wagallia, Wakelti wa Ufaransa ya kale: miaka mitano mfululizo, miezi 62, imeandikwa kwa herufi za Kilatini lakini lugha ni Kigallia. Leo iko kwenye makumbusho ya Lyon. Inafuata mwezi, kama sisi tunavyoandama mwezi kwa ajili ya Ramadhani, ila wao waliongeza mwezi mzima mara mbili ndani ya miaka mitano ili majira yasiwapotee.

Sasa nyoosheni vidole, tuhesabu pamoja. Samonios, ndiyo ile Samon ya kwenye CD, mwezi wa kwanza. Dumannios, Rivros. Wa nne? Anagantios. Ogronnios, Cutios. Wa saba? Giamonios. Simivisonnos, Equos. Wa kumi? Elembivos. Mmeona? Moja, nne, saba, kumi. Miezi mitatu, kituo. Miezi mitatu, kituo. Mwaka mzima umekatwa robo nne na umetandazwa ndani ya CD moja, na hakuna kelele yoyote ya kukutangazia. Ukiwa mtu wa kuruka vile vipande vitulivu ili ufike kwenye gitaa, umeruka nguzo za nyumba.

Na kimuziki vinafanya kazi! Weka hedifoni, anza na Anagantios. Kabla yake umetoka kupigwa na Gray Sublime Archon, masikio yamechoka. Halafu kunatulia. Unasikia ala zenyewe, mbao na pumzi. Hapo ndipo unaielewa hadigadi, na naomba dakika moja kwa ajili ya hadigadi, maana kila wiki mnaniuliza.

Ni kisanduku cha mbao chenye nyuzi, unakipakata mapajani. Mkono wa kulia unazungusha mpini, mpini unazungusha gurudumu lililopakwa ulimbo, na gurudumu ndilo linalosugua nyuzi badala ya upinde. Mkono wa kushoto unabonyeza vitufe, vitufe vinagusa uzi wa melodi. Pembeni kuna nyuzi nyingine zisizoguswa kabisa, zinavuma noti ileile mwanzo hadi mwisho. Na kuna uzi mmoja unaokaa juu ya kidaraja kilicholegea kwa makusudi: ukizungusha mpini kawaida kinakaa kimya, ukiupa mshtuko wa kifundo cha mkono kinatetema, trrr! Kwa hiyo mpigaji ana melodi, ana mvumo, na ana mdundo, peke yake. Kwenye Slania mpigaji ni Anna Murphy, na usikilize anavyouweka ule mtetemo juu ya ngoma za Merlin Sutter. Kwangu hiyo pekee inatosha kununua CD hii.

(Kwa walioniuliza: ndiyo, Anna, Merlin na Ivo Henzi waliondoka mwaka 2016 wakaanzisha Cellar Darling. Albamu yao ya kwanza, ya 2017, naipenda sana, na itapata video yake. Leo si siku yake.)

Turudi kwenye kibandiko. Chukueni Inis Mona, wimbo ambao hata asiyesikiliza metali amewahi kuusikia. Inis Mona ni kisiwa cha Anglesey, Wales. Mwandishi wa Kirumi Tacitus anaeleza jinsi jeshi la Suetonius Paulinus lilivyovuka kwenda huko, karibu mwaka 60 baada ya Kristo, likakuta madruidi, makuhani wa Wakelti, wameinua mikono wakilaani, na baadaye Warumi wakaifyeka misitu yao mitakatifu. Sawa, hapo kuna dini, sikatai. Lakini melodi? Mmmm-mm-mm-mmm... naiimba kwa mdomo, maana nikiicheza wimbo wenyewe video itafungwa. Melodi hiyo ni Tri Martolod, wimbo wa asili wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Unahusu mabaharia vijana watatu. Aliyeupeleka duniani ni Alan Stivell na kinubi chake kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1972. Na nyinyi wa Goma na Bujumbura mliokulia kwenye redio za Kifaransa, mnaijua pia: kundi la rap la Manau waliichukua mwaka 1998 wakairapia kwenye La Tribu de Dana, Ufaransa nzima ikaimba.

Fanyeni jaribio hili, halina gharama. Sikilizeni Stivell kwanza, taratibu, kinubi kinadondosha noti moja moja. Kisha Inis Mona bila kupumzika. Melodi ni ileile, lakini sasa filimbi na fidla zinaikimbiza na chini yake gitaa mbili zinasukuma. Na hizo gitaa zimetoka wapi? Zimetoka Uswidi! Ondoa filimbi, ondoa bagpaipu, kinachobaki ni mtindo wa mji wa Gothenburg wa miaka ya 90, ule wa bendi za In Flames na Dark Tranquillity. Kwa hiyo una kisiwa cha Wales, wimbo wa mabaharia wa Bretagne, gitaa za Kiswidi, bendi ya Uswisi, mashairi ya Kiingereza. Yote hayo mtu wa dukani ameyakunja akayaita "kipagani".

Na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Mwaka uliofuata, 2009, bendi hiihii ilitoa Evocation I. Karibu yote imeimbwa kwa Kigallia, lugha iliyokwisha kufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndani yake kuna wimbo Dessumiis Luge, na maneno yake yametoka kwenye kibao cha madini ya risasi kilichopatikana mwaka 1971 Chamalières, kwenye chemchemi karibu na Clermont-Ferrand. Kibao kidogo, sentimita sita kwa nne, kinaenea kiganjani. Mtu alikikwaruza maneno ya kumwomba mungu Maponos, akakitia majini. Hiyo, wadau, ni dua halisi ya kipagani, iliyoandikwa na mtu aliyemaanisha. Na albamu yenyewe ni ya ala za asili, hakuna gitaa za kunguruma, hakuna metali! Kwa hiyo bendi moja, CD mbili: yenye metali kamili inaitwa ya kipagani, na yenye dua yenyewe niliikuta duka hilohilo kwenye rafu ya muziki wa kutuliza akili. Kibandiko kimekosea mlango.

Kwangu mimi Slania ni metali ya Kikelti, na naitetea kwa sababu bendi imefanya kazi ya lugha na ya historia. Sisemi ni Wakelti wa damu. Helvetii, kabila lililoipa bendi jina, walishindwa na Kaisari huko Bibracte mwaka 58 kabla ya Kristo, na hakuna anayeweza kuchora mstari wa ukoo kutoka hapo hadi studio ya 2008. Wanachoweza kuonyesha ni bronzi ya Coligny, ni maandishi, ni Slanias Song inayoimbwa kwa Kigallia. Hilo linashikika.

Najua kuna mtu anaandika chini, "Na Cruachan je?" Cruachan ni watu wa Dublin, Keith Fay aliwaanzisha mwaka 1992, Tuatha na Gael ikatoka 1995, na ni Wakelti bila ubishi: hadithi za Ireland, filimbi ya bati, melodi za Ireland. Lakini nenda kwa majirani zao Primordial. Karibu hutasikia filimbi. Gitaa zile nzito na sauti ya mwimbaji wao Alan Averill tu. Halafu sikiliza The Coffin Ships ya 2005, kuhusu njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840 na meli zilizobeba watu wanaokufa kuelekea Marekani, uniambie kama kuna bendi ya Kiireland kuliko hiyo. Ala haitoshi kukupa utambulisho, na kukosa ala hakukunyimi.

Sina ugomvi na neno kipagani pale bendi inapolichukua yenyewe. Moonsorrow wa Ufini wanajiita hivyo na muziki wao unalibeba, nyimbo za nusu saa zenye uzito wa theluji. Mzizi wao ni Bathory wa Uswidi, albamu za Blood Fire Death ya 1988 na Hammerheart ya 1990, enzi ambazo kiongozi wake Quorthon alimwacha shetani akageukia miungu ya kaskazini. Skyclad wa Newcastle, ambao wengi wetu tunawahesabu kuwa wa kwanza kuchanganya fidla na metali, walikuja mwaka 1990 kwa njia nyingine kabisa. Na Korpiklaani? Hao nao ni wa Ufini; kabla ya kuitwa Korpiklaani waliitwa Shaman na mwimbaji wao Jonne Järvelä aliimba Kisami, lugha ya Wasami wa kaskazini. Leo maduka yanawaweka Moonsorrow na Korpiklaani kapu moja na Eluveitie, na mwaka 2008 walisafiri pamoja kwenye ziara iliyoitwa Paganfest. Ziara ilihitaji jina la bango, na neno lililokuwepo tayari likazidi kuwabandika wote.

Na kapu hilo lina hatari. Kuna bendi zinazotumia miungu ya kale kuficha siasa za ubaguzi wa rangi, zipo, na alama zao zinafanana na za hawa wengine. Matokeo yake mwaka huohuo wa 2008 Moonsorrow na Týr, bendi ya visiwa vya Faroe, walituhumiwa na kikundi cha wapinga ufashisti, ikabidi wajitokeze hadharani kukanusha. Mimi ni Mwafrika ninayenunua muziki huu kwa pesa zangu. Nataka kujua ninachoingiza ndani ya nyumba yangu, na neno "kipagani" peke yake haliniambii. Ndiyo maana nakomaa na kibandiko hiki.

Haya, kasoro za CD. Sehemu ya katikati, Bloodstained Ground na The Somber Lay, kwenye simu zinasikika kama wimbo mmoja mrefu. Kwenye spika kubwa... ngojeni, kwenye spika kubwa The Somber Lay ina fidla ya Meri Tadić inayokata roho, siwezi kuitupa. Basi tuseme Bloodstained Ground pekee. Na Calling the Rain ningeiweka mapema zaidi.

Bei. CD yenyewe si ghali, ni albamu ya zamani. Kinachouma ni usafiri na ushuru, vilizidi bei ya CD. Kama una mtu anayerudi kutoka Ulaya, mwagize, inakaa mfukoni. Kama huna, isikilize mtandaoni, ila zima ile hali ya kuchanganya nyimbo. Ukiichanganya umevuruga miezi.

Habari za chaneli: maikrofoni mpya imefika, hii mnayoisikia ndiyo yenyewe. Video ijayo narudi nyumbani, ni kundi la Duma la Nairobi, ile albamu ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, maana nao wamebandikwa "metali ya Kiafrika" kana kwamba bara zima ni mtindo mmoja. Baada ya hapo mnachagua nyinyi, Cruachan au Primordial. Kura iko hapo chini, inafungwa Ijumaa jioni, na mkiandika sababu mtaje na wimbo.