Wamekata dishi la Cassini: uzoefu wangu wa kuchapisha picha za vyombo vya angani hapa Kigoma

Mwenye haraka nimwambie mapema. Kama unataka picha ya harusi, ya kipaimara au kalenda ya kikoba, duka la kuchapisha picha ninalolizungumzia hapa ni zuri, nenda. Kama unataka picha ya kitu ambacho kila kipande chake kina kazi, usiende. Jina lao silitaji, sitaki kesi. Ila hasira ninayo, na nimesubiri ipoe kabla ya kuandika, haikupoa.

Kazi yangu ni kufunga madishi. Mwanga, Gungu, Ujiji, Kibirizi, kote nimepanda mapaa. Swali la wateja ni lile lile: "Fundi, hili dishi linatazama nini hasa?" Ukimwambia linatazama setilaiti anaitikia, lakini unamwona usoni kwamba hajapata kitu. Anadhani tunatafuta mawimbi yanayoelea tu hewani. Na watoto ndio hawachoki, wanasimama chini ya ngazi wanauliza mpaka ufunguo unakuponyoka. Ndiyo maana nikaamua kuweka picha kwenye ukuta wa ofisi yangu, kubwa, zenye fremu, ili mtu akiuliza nimwoneshe kwa kidole.

Picha nilizipakua mwenyewe. Nyingi zinatolewa bure na NASA, shirika la anga la Marekani, faili kubwa ambazo hata ukizikuza hazipasuki. Usiku mzima kifurushi cha intaneti kikaisha, nikaongeza kingine. Nikazipanga kwenye flashi, kila moja na maelezo yake mafupi ya Kiswahili ya kuandikwa chini, nikaipeleka dukani wiki moja kabla mvua hazijaanza. Nikalipa advansi zaidi ya nusu. Kijana wa kompyuta akasema, "Hakuna shida mzee, hizi ndogo sana kwetu."

Nianze na haki yao. Picha niliyoihitaji kuliko zote wameitoa vizuri kupita nilivyotegemea. Ni ya Intelsat 901, setilaiti ya mawasiliano iliyorushwa mwaka 2001, na ni picha ya kweli, si mchoro. Setilaiti za aina hiyo hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini, zinazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo maana ukishalikaza dishi paani huligusi tena. Huko hakuna mwanaanga anayefika na kamera. Lakini Februari 2020 chombo kingine kiitwacho MEV-1 kiliifuata Intelsat 901 iliyokuwa inakaribia kuishiwa mafuta, kikaisogelea kwa nyuma na kujishika nayo, kikairudisha kazini. Kikiwa njiani kikaipiga picha kwa karibu: mwili wake, mabawa ya sola, na dunia nyuma yake. Nilipoiona imetoka kwenye mashine nilisimama pale kaunta nikanyamaza. Weusi wa anga umekolea kweli, hauna ule ukijivu wa wino wa kubana matumizi. Mabawa unayahesabu vipande. Miaka yote hii naelekeza madishi kwenye vitu vya namna hiyo, na hapo ndipo nilipokiona kimoja kikubwa kiasi cha kuweza kukigusa.

Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho kimetoka safi, ile picha iliyopigwa Novemba 2021 na wanaanga waliokuwa wanaondoka, wakakizunguka kwanza. Juno pia, chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Jupita, na mabawa yake matatu ya sola, kila moja karibu mita 9, kwa sababu kule Jupita, au Mshtarii kama wanavyoandika vitabuni, jua limedhoofika zaidi ya mara 25. Hata kama ningeishia hapo ningewapa nyota zote.

Sasa Cassini.

Cassini ni chombo kilichoizunguka sayari ya Zohali tangu 2004 hadi 2017. Ukiitazama picha yake, kitu cha kwanza unachokiona ni dishi. Jeupe, la mita 4, limekaa kichwani, limetengenezwa na Waitaliano. Mimi nilichagua picha hiyo kwa ajili ya dishi hilo, si kwa ajili ya pete za sayari. Nafungua bahasha palepale dukani, natoa picha, namwona Cassini hana kichwa. Ukingo wa fremu umepita katikati ya dishi, juu hakuna kitu. Kimebaki kiwiliwili cha dhahabu na nguzo zake, na kipande cha duara ambacho asiyejua hawezi kutambua ni cha nini.

Nikasema, "Kijana wangu, hapa juu pamekatwa."

"Hapana mzee, nimeikuza ili ile sayari ionekane. Ilikuwa imezibwa na lile sinia."

Nikamweleza kwa upole kabisa kwamba hilo sinia ndilo chombo chenyewe. Bila hilo hakuna picha hata moja ya Zohali ambayo ingetufikia. Akaniambia basi nisihangaike, atanibandikia lingine. Akaingia mtandaoni mbele yangu, akavuta picha ya dishi la king'amuzi, lile lile ninalolifunga mimi kila siku, lenye mkono wake na LNB, kile kichwa kinachodaka mawimbi, mbele, akaliburuta na kuliweka juu ya Cassini. Akageuza kioo kunielekea. "Si hivi?"

Nikasema siyo hivi. Hapo ndipo aliponijibu neno ambalo bado linanichoma: "Mzee, kwani nani wa hapa Kigoma amefika huko akakague?"

Waliokuwa wanasubiri picha za pasipoti wakacheka. Mama mmoja aliyekuja na kadi za mchango akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. Na yule kijana kwa kuona watu wamemuunga mkono akaongeza: "Halafu hizi si za kuchora tu? Nani alikuwa nje kule anampiga picha? Wewe fundi funga madishi, dizaini tuachie sisi."

Nijibu hapa, maana pale sikupata nafasi, foleni ilikuwa inanisukuma.

Ni kweli ile ya Cassini ni mchoro. Hakuna aliyekuwa jirani yake kule. Lakini mchoro huo umechorwa kwa kufuata chombo kilichojengwa na mikono ya watu, bolti kwa bolti, na kila kilichomo kimewekwa kwa sababu. Dishi la mita 4 limewekwa kwa sababu redio yake ilikuwa inatuma kwa nguvu ya wati 20 tu, kutoka umbali unaozidi kilomita bilioni moja. Mimi hapa nikilikosea dishi nyuzi mbili mtu anakosa mpira na ananipigia simu kunitukana. Wale walikuwa wanalenga dunia kutoka Zohali. Tena kilipovuka eneo la pete walikigeuza dishi likatangulia mbele liwe ngao, vumbi lipige hapo lisije likatoboa mitambo. Na siku ya mwisho, tarehe 15 Septemba 2017, kilipokuwa kinaingia kwenye hewa ya Zohali kuungua, injini zake ndogo zilipambana kulishikilia dishi lielekee duniani, likituma data mpaka nguvu zikashindwa. Mawimbi ya mwisho yalidakwa na dishi kubwa la Canberra, Australia, wakati chombo chenyewe kilishaungua zaidi ya saa moja nyuma, kwa sababu ya umbali. Mimi nikisoma habari hiyo mwili unanisisimka. Yule kijana amelikata kwa kipanya cha kompyuta.

Na kusema kwamba vyombo hivi haviwezi kupigwa picha huko viliko, si kweli. Mwaka 2005 Mars Global Surveyor, kikiwa kinazunguka Mirihi, kilikipiga picha chombo mwenzake Mars Odyssey kikipita umbali wa kilomita 90 hivi, na Mars Express nacho kikapigwa. Mwaka 2008 Mars Reconnaissance Orbiter ikaidaka Phoenix, chombo cha kutua Mirihi, ikiwa hewani inashuka na mwavuli wake umefunguka. Wachina nao Tianwen-1 yao ikaachia kamera ndogo, kamera ikageuka ikaipiga picha, na mwanzoni mwa 2022 dunia nzima ikaiona ikiwa na Mirihi kando yake. Hubble, ile darubini ya angani, imepigwa picha mara nyingi na wanaanga waliokwenda kuikarabati, mara ya mwisho Mei 2009. Kwa hiyo wapo waliofika na wapo waliokagua. Kigoma hatujafika, lakini picha zimefika, na mtu wa Kigoma ana haki ya kuona dishi zima.

Nikaondoka bila kuaga. Jioni akanipigia dada mwenye duka. "Shikamoo baba, nimeambiwa umeondoka umekasirika, samahani sana." Kesho yake nilipokwenda akamsimamisha yule kijana pembeni, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akafungua faili langu la asili na kuniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa tangu mwanzo: "Baba, hapa ni kipi kisiguswe?" Nikamwonesha. Akaipunguza sayari, akaacha nafasi juu ya dishi, akachapisha upya kwenye karatasi nzito, hakunidai hata senti. Cassini akatoka mzima. Mteja wangu mmoja, mvuvi wa Kibirizi, aliisimamia muda mrefu pale ofisini akauliza mwenyewe, "Fundi, hili nalo linatafuta chaneli?" Nikamwambia hapana, hili ndilo linalorusha. Akaelewa papo hapo. Nilichokitaka ni hicho.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuwapa nyota nne. Dada anajua kazi, mashine ni nzuri, wino haudanganyi. Ningewaambia tu wamfundishe kijana wao adabu.

Lakini kuna Uhuru.

Hii sikuikagua dukani, ilikuwa imeshafungwa kwenye karatasi na fremu yake. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini jirani na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, na ndiyo ikapewa jina hilo. Pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki! Ilisaidia kuwafanya wanasayansi waitilie maanani Cygnus X-1, ambayo leo tunaambiwa ni shimo jeusi. Picha niliyoichagua ilipigwa kwenye maabara Marekani kabla ya kurushwa: setilaiti ipo, na kando yake mama Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi mzima, anazungumza na Profesa Bruno Rossi. Niliichagua makusudi, kwa sababu mabinti wa shule wanaokuja ofisini nataka wamwone yule mama.

Nafungua karatasi nyumbani, mama hayupo. Profesa hayupo. Maabara haipo. Kijana amewafuta watu wote, ameikata setilaiti peke yake na kuibandika kwenye anga lenye nyota za kununua, nyuma yake mwezi. Chini, nilipoandika "Uhuru, 12 Desemba 1970, Malindi", amesahihisha. Ameandika 9 Desemba, Malindi amefuta, na pembeni ameweka bendera ya Tanzania. Hakuuliza, hakupiga simu, na namba yangu ipo kwenye risiti. Aliona neno Uhuru akamalizia mwenyewe, basi.

Cassini naweza kusema alikata kwa kutojua. Huyu mama amefutwa kwa kukusudia, kwa sababu alionekana anachafua picha. Mke wangu aliitazama akasema, "Mbona wamemtoa mwenye kazi?" Sikuwa na la kumjibu.

Nimeirudisha. Dada ameomba radhi tena, amesema itachapishwa upya, kijana hakuwepo siku hiyo au alijificha. Hela ya kumalizia bado ninayo mimi na sitaitoa mpaka nimwone Townsend amesimama pale alipokuwa. Zile nyota nne nimezirudisha mfukoni, kwa sasa nawapa mbili, zote ni za dada na za ile Intelsat. Ukienda, nenda yeye akiwa kaunta. Mwambie akuoneshe picha kwenye kioo kabla haijaingia kwenye mashine, kagua kingo zote nne kwa macho yako, soma na maandishi ya chini, na iliyofungwa kwenye karatasi uifungue hapo hapo dukani hata kama foleni inakugunia.