Uzoefu wangu: Hilux, mafundi wawili na nukta za rangi nyeupe

Hilux yangu ni pikapu ya kazi. Inashuka Mang'ola kupakia vitunguu na kuvileta soko la Kilombero hapa Arusha, na vumbi la njia ile wanaoijua wanaijua.

Ilianza na mlio. Nikiachia klachi, chini panagonga "ko!" mara moja, basi. Nikapuuza. Baadaye nikifika 80 kiti kinatetemeka, chupa ya maji karibu na gia inacheza yenyewe. Nikishuka 60, kimya. Nikakimbilia kubalansi tairi, hela ikaenda, mtetemo ukabaki. Kumbe ningeangalia usukani tu: ulikuwa umetulia. Tairi za mbele zikisumbua, usukani ndio unaocheza. Propela, ile shafti ndefu chini ya gari inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, inakutikisa makalio. Na kwa kuwa propela huzunguka karibu mara nne tairi ikizunguka mara moja, mtetemo wake ni wa harakaharaka, kama simu mfukoni.

Fundi wa kwanza (gereji siitaji) alibadilisha krosi ya nyuma, kile kiungio cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kuzunguka ikiwa imepinda, nikalipa 70,000. Kufika Kisongo, gari inatetemeka kuanzia 50! Nikarudi, ananiambia itazoea. Krosi inazoea nini?

Wa pili nilimpata mtaa wa Unga Limited, kijana mpole. Hakushika spana. Aliingia chini na tochi, akaitikisa propela kwa mkono, akanyamaza, kisha: "Mzee, hebu lala hapa uone mwenyewe." Nikalala kwenye boksi. Propela yangu ni ya vipande viwili, katikati ina senta beringi, beringi yenye raba inayoishikilia chini ya gari, na pale kwenye meno ndipo vipande vinapoingiliana. Akanionyesha yoki, yale masikio yanayoshika krosi: la huku na la kule hayakulingana, yamepishana kama meno mawili. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi kwa mwendo ulio sawa, inakimbia na kusita mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, ila mpaka masikio yawe kwenye mstari mmoja. Fundi wa kwanza alichomoa vipande bila kuweka alama, akarudishia kwa kubahatisha.

Yeye kabla ya kufungua alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akaweka nukta kwenye flanji ya difu, ile sahani ya ekseli ya nyuma inapofungwa propela, na nyingine kwenye propela, zikitazamana. Kazi ya dakika moja. Krosi ya katikati ilipotoka alinimiminia kiganjani kilichokuwemo: sindano za beringi zilikuwa zimebaki unga mwekundu wa kutu, grisi hata harufu hakuna. Raba ya senta beringi nayo ilikuwa imechanika. Tulinunua vyote viwili, masikio akayarudisha kwenye mstari, krosi nikachagua yenye tundu la kupigia grisi, sasa naipiga kila nikirudi Mang'ola.

Jumla 185,000 na ufundi wake. Lawama yangu ni muda tu: aliniambia saa sita mchana, nikatoka saa mbili usiku, na simu alikuwa hapokei.

Jumamosi nilipanda mlima wa Mto wa Mbu na kurudi na mzigo kamili. Ile "ko!" imekwisha, chupa imetulia. Kwenye 100 nasikia muungurumo kidogo, lakini 100 na magunia ya vitunguu naenda wapi?