Udongo wa kuchezea: wa mche, wa kopo na wa sufuriani

Mtoto wa miaka mitatu akipewa donge laini hahitaji maelezo. Atalibonyeza, atalifanya nyoka, kisha chapati, halafu atalikusanya aanze upya. Kwa kazi za mikono zinazoweza kufanyika juu ya meza ya jikoni, hakuna inayomtuliza mtoto mdogo kwa muda mrefu hivyo kwa gharama ndogo kama hiyo. Ila vitu vitatu visivyofanana kabisa vyote huitwa udongo wa kuchezea, na mzazi akichukua kisicholingana na umri wa mwanawe, kitaishia kwenye droo.

Wa kwanza ni plastisini, ile miche midogo ya rangi rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Iliyoanzisha aina hii ni Plasticine ya William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa Bath, Uingereza, aliyeibuni mwaka 1897 akitafuta udongo usiokauka kwa ajili ya wanafunzi wake. Haikauki kwa kuwa haina maji: ni unga wa chokaa uliokandwa na mafuta mazito ya jamii ya vaselini. Ndiyo maana pakiti moja hudumu miaka. Lakini mafuta hayohayo yanaacha madoa kwenye karatasi na nguo, na yanafuata hali ya hewa. Asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru mche huwa mgumu kama kipande cha sabuni. Mchana wa Mombasa hulegea ukanata vidoleni. Mtoto wa miaka mitatu hana nguvu ya kuulainisha, atauvunjavunja tu. Tunaupendekeza kuanzia miaka mitano, kwa kufinyanga wanyama, herufi na vitu vidogo vinavyohitaji kusimama. Pakiti isiyoonyesha mtengenezaji wala umri wa mtumiaji iacheni dukani, hata ikiwa rahisi.

Wa pili ni udongo wa kopo, na Play-Doh ndiyo maarufu zaidi. Huu ulianza kama kitu cha kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani, na katikati ya miaka ya 1950 ukageuzwa kuwa cha kuchezea watoto. Ndani yake kwa sehemu kubwa mna maji, chumvi na unga wa ngano. Ni laini kweli, na rangi zake zimekolea sawasawa kuliko chochote kitakachopikwa nyumbani. Kasoro yake ni kukauka: kifuniko kikisahauliwa usiku mmoja, asubuhi mna gamba. Tena kopo la kawaida lina gramu 112 tu. Mtoto anataka donge la kujaza viganja vyote viwili, kwa hiyo kopo moja halimtoshi, na kununua manne kila baada ya miezi michache ni gharama isiyo na sababu wakati vitu vilevile vipo jikoni.

Wa sufuriani ndio tunaouweka mbele kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano, kwa sharti moja: upikwe. Maelekezo mengi yanasema changanya unga, chumvi na maji ya baridi basi. Udongo huo hunata upesi na haudumu kama uliopikwa. Vilevile unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, jambo ambalo watu wengi hawalifikirii kwa sababu unga unaonekana mkavu na safi. Moto unapunguza hatari hiyo, na unabadilisha wanga wa ngano: ukifika nyuzi joto 60 hivi na kuendelea, chembe zake hunywa maji na kuvimba, udongo ukawa kitu kimoja chenye kuvutika.

Kwa watoto wawili pima kikombe kimoja cha unga wa ngano (kikombe cha mililita 250), nusu kikombe cha chumvi laini ya mezani, kikombe kimoja cha maji, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, na vijiko viwili vya chai vya krimu ya tartari. Hiyo krimu ya tartari, unga mweupe mchachu unaouzwa kwenye rafu za vifaa vya keki, husaidia udongo uvutike na usikatike. Ikikosekana, tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu au siki, na upunguze maji kwa kiasi hichohicho. Utapata karibu nusu kilo, yaani zaidi ya makopo manne.

Koroga vyote vikiwa baridi, sufuria ikiwa bado mezani, hadi mabonge yaishe. Ukianza na maji ya moto, unga utafanya vidonge ambavyo mwiko hauwezi kuvivunja. Kisha bandika kwenye moto mdogo na usiache kukoroga. Kwa dakika mbili za mwanzo utadhani umekosea, kwa kuwa ni uji tu. Ghafla utaanza kushika chini na kujikusanya kwenye mwiko kama ugali. Endelea kugeuza hadi ule mng'ao wa majimaji uondoke na donge liachane na sufuria, kwa kawaida jumla ya dakika tatu hadi tano. Mimina juu ya kibao cha chapati, funika kwa kitambaa dakika kumi, halafu ukande kwa dakika tatu. Kukanda ndiko kunakoupa ulaini, na mtoto anaweza kufanya sehemu hiyo mwenyewe ukishapoa.

Ukinata mikononi, haujaiva. Urudishe motoni dakika moja. Usiongeze unga mbichi, maana utafanya mabaka na kufupisha maisha yake. Ukimeguka, umepikwa kupita kiasi au mafuta ni kidogo: lowesha viganja, kanda, rudia. Ukikwaruza kama mchanga, chumvi ni ya mawe. Maji hayawezi kuyeyusha chumvi bila kikomo. Mililita 100 huchukua takriban gramu 36, na nusu kikombe cha chumvi kina gramu 140 hivi, kwa hiyo kiasi kinabaki chembechembe. Zikiwa laini hazisikiki, zikiwa za mawe zinachubua.

Unga nao uchague. Ule wenye hamira ya unga ndani yake utatoka na matundu. Atta yenye pumba hutoa udongo unaokatika ukikunjwa. Sembe na dona usizijaribu, kwani mahindi hayana gluteni inayovutika, na matokeo ni ugali wa chumvi. Mtoto mwenye mzio wa ngano asishike udongo huu wala wa kopo uliotajwa hapo juu. Mpikie wa nusu kikombe cha unga wa mchele na nusu kikombe cha konfulawa, vingine vyote vilevile ila mafuta kijiko kimoja cha chai. Hauvutiki sana, lakini unafinyangika.

Kwa wakazi wa pwani tuna marekebisho ambayo maelekezo ya nchi za baridi hayayataji. Chumvi huanza kuvuta unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hufika hapo mara nyingi. Matokeo yake udongo unatoka jasho na kuteleza, ingawa ulipikwa vizuri. Punguza chumvi iwe theluthi moja ya kikombe, hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, na ukilowa ukande na kijiko cha chai cha konfulawa. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi shida ni kinyume: huota gamba nje, kwa hiyo funga donge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kulitia kopo. Ukitunzwa hivyo hudumu wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu. Ukiona ukungu au harufu kali, tupa wote, usikate sehemu mbovu tu.

Rangi ya chakula itiwe kwenye maji kabla ya kupika. Ikitiwa baadaye hupaka mikono yako zaidi ya udongo. Manjano ya jikoni, nusu kijiko cha chai, hutoa njano nzuri sana lakini hushika kwenye nguo na kibao. Maji ya choya yaliyochemshwa hutoa waridi, na asidi ya ndimu husaidia rangi ikae. Bitiruti inapendeza siku ya kwanza, kisha huelekea kahawia.

Zana za dukani hazihitajiki. Kifimbo cha chapati, uma, kifuniko cha chupa, kitana, jani lenye mishipa mikubwa na kipande cha kitambaa kikavu chenye ufumaji wa kukwaruza vinaacha alama tofauti, na mtoto hutaka kujua kila kimoja kitaandika nini. Shanga, maharage na vifungo visiwekwe mbele ya mtoto wa chini ya miaka mitatu, vinakaba koo.

Ladha ya chumvi huwafukuza wengi, lakini si wote, na kiasi cha vijiko kadhaa kinaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya. Anayetia kila kitu mdomoni asipewe huu. Subirini akue kidogo. Mbwa pia asifikie mabaki, kwani chumvi nyingi ni sumu kwake.

Ukitaka vitu vya kuning'iniza au alama ya kiganja ya kuhifadhi, usitumie huu uliopikwa, utapasuka ukikauka. Kanda vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe, usukume uwe na unene wa milimita tano, toboa tundu la uzi kwa mrija, kisha oka kwenye nyuzi 110 kwa saa mbili hadi tatu. Joto likizidi, unavimba na kuwa kahawia. Juani huchukua siku mbili tatu, ukigeuza kila baada ya saa chache ili kingo zisijikunje. Pwani upake vanishi pande zote mbili na ndani ya tundu, la sivyo msimu wa mvua utaulainisha tena.