Kalua ya Shimoni na Kalua ya Sufuria ya Umeme
Katika visiwa vya Hawaii, neno kalua humaanisha kupika katika tanuri la ardhini liitwalo imu, ambamo nguruwe mzima hulazwa juu ya mawe yaliyopashwa moto kwa kuni, akafunikwa kwa majani ya mmea uitwao ti na ya migomba, kisha udongo, hadi nyama iachane na mifupa. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole huhitaji bega la nguruwe lenye mafuta, chumvi ya bahari na kiungo cha majimaji chenye ladha ya moshi, yaani moshi wa chupa, kwa saa 8 hadi 10 za moto mdogo. Ulaini haupishani sana. Harufu ndiyo hutofautiana, maana moshi wa chupa ukizidi huacha uchungu. Kwa familia ndogo ningechagua sufuria, kwani kuchimba shimo kwa ajili ya kilo 2 za nyama ni kujichosha bure.