Masjala ya Kasri la Dublin: Tathmini ya Katalogi ya Ardhilhali za Ayalandi, Kutoka Meza ya Mwandishi wa Barua Nairobi

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua. Meza yangu, yenye kompyuta moja na printa inayokwama kila karatasi ikishika unyevu, iko chini ya ngazi za jumba kuukuu katikati ya Nairobi, mwendo mfupi kutoka mahakamani. Wanaonijia ni watu wanaotaka kumwandikia chifu, naibu kamishna wa kaunti, msajili wa ardhi, au hata Karani wa Bunge, kwa kuwa Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake. Kiswahili kina neno lake la kale kwa maandishi ya namna hii, ardhilhali, neno ambalo mjini hapa limekaribia kusahaulika ingawa kitu chenyewe kinachapwa kila siku. Huduma ninayoitathmini leo ni ya ardhilhali za watu wengine, za nchi nyingine na za miaka mia mbili iliyopita, nami naikagua kama fundi anayekagua kazi ya mafundi wenzake.

Huduma hiyo ni katalogi ya mtandaoni ya Makavazi ya Kitaifa ya Ayalandi, inayoorodhesha nyaraka zilizosajiliwa katika Ofisi ya Katibu Mkuu wa utawala wa Uingereza nchini humo tangu 1818 hadi 1833. Kuisoma hakuna malipo, na mimi huifungua kwa simu wakati wateja wamepungua. Anayeingia mara ya kwanza anafaa kujua mambo machache ya utawala wa wakati ule, la sivyo atadhani ameingia ghala la makaratasi yasiyo na mwenyewe. Kuanzia Januari 1, 1801, Ayalandi iliunganishwa na Uingereza na haikuwa tena na bunge lake. Wabunge wake walikaa London, na huko Dublin alibaki Naibu wa Mfalme, aliyekuwa na heshima zote, pamoja na Katibu Mkuu, aliyekuwa na kazi zote. Tena Katibu Mkuu huyo alikuwa mbunge pia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka alikuwa ng'ambo, na shughuli za kila siku za Kasri la Dublin, makao ya serikali hiyo, zikabaki mikononi mwa Katibu Mdogo. Robert Peel, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliondoka katika kiti cha Katibu Mkuu mwaka 1818. Akafuata Charles Grant, kisha Henry Goulburn kuanzia 1821. Muda wote huo Katibu Mdogo alikuwa mtu mmoja, William Gregory, aliyeingia 1812 na kudumu takribani miaka 20. Mwenye uzoefu wa ofisi za serikali hahitaji kuambiwa ni yupi kati yao aliyekuwa anasoma barua.

Kwamba barua hizo zipo hadi leo ni bahati. Mnamo Juni 30, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka za umma lililokuwa kwenye eneo la mahakama za Four Courts liliteketea, na humo zikaangamia karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, pamoja na wasia na rejesta nyingi za makanisa. Nyaraka za Katibu Mkuu zilipona kwa sababu zilikuwa bado zimewekwa Kasrini, upande wa pili wa mto. Ndiyo maana mtu wa Ayalandi anayemtafuta babu yake maskini wa wakati ule, asiyeweza kumpata kwenye sensa iliyoungua, huenda akampata hapa, akiomba kitu.

Na waliomba kila kitu. Kundi linalonivutia zaidi ni la wafungwa na jamaa zao, wanaoomba adhabu ipunguzwe au meli ya kwenda Australia isiondoke na mtu wao. Baada ya Sheria ya Uasi ya 1822, katika wilaya zilizotangazwa kuwa na fujo, mtu aliyekutwa nje ya nyumba yake usiku bila sababu ya kuridhisha aliweza kuhukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka saba, na ni rahisi kuwazia ni akina mama na wachungaji wangapi waliokaa mezani kuandika kwamba kijana huyo alikuwa anatoka tu kwa jirani. Wake wa waliokwisha kusafirishwa nao waliomba wapewe nafasi bure melini, wao na watoto, wawafuate waume zao New South Wales, huko Australia. Wengine ni wanakijiji waliotozwa faini kwa pamoja kwa sababu mtambo wa kupikia pombe haramu, poitín, ulipatikana katika eneo lao na mwenyewe hakujulikana. Msomaji aliyewahi kuona msako wa chang'aa mtaani ataielewa hasira yao bila tafsiri. Mvua za 1821 ziliozesha viazi, na majira ya joto ya 1822 yakaleta njaa na homa katika majimbo ya magharibi na kusini. Barua za wakati huo ni za makasisi na kamati za misaada zikiomba chakula, au zikiomba kazi za barabara na magati, kazi ambazo serikali ilimtuma mhandisi Alexander Nimmo kuzisimamia upande wa magharibi ili wenye njaa walipwe ujira badala ya sadaka.

Ukitoka kwa hao, utakutana na bahari ya watu wanaotafuta ajira: polisi, forodha, magereza, ukarani wowote ule. Hao nawapita haraka, kwa kuwa nawaandikia wenzao kila wiki.

Sasa kuhusu ubora wa huduma yenyewe. Kila waraka una nambari ya kumbukumbu yenye mwaka ndani yake, kichwa cha habari, tarehe, idadi ya kurasa, na maelezo ya nani aliandika, kutoka wapi, na alitaka nini. Maelezo haya yameandikwa kwa uangalifu ambao sijauona mara nyingi katika katalogi. Mwandaaji hakutosheka kusema “ombi la mjane”. Hueleza mume alikuwa nani, watoto wapo au hawapo, na inapowezekana hutaja pia watu mashuhuri waliotia saini kumuunga mkono. Kwa mtafiti wa historia, au kwa mtu wa ukoo fulani, kazi hii inatosha na kuzidi.

Kwangu mimi haitoshi, na hapa ndipo ninapolalamika. Katalogi inakwambia mtu aliomba nini, lakini haikwambii aliombaje. Ardhilhali za enzi ile zilikuwa na mwendo wake: zilianza kwa kuzitaja cheo na sifa zote za Naibu wa Mfalme, zikajitambulisha kuwa ni ombi la unyenyekevu la fulani wa mahali fulani, zikasimulia shida kwa nafsi ya tatu, na zikamalizia kwa kuahidi kwamba mwombaji, kama ulivyo wajibu wake, ataendelea kumwombea dua mheshimiwa. Sisi tunasema “kwa heshima na taadhima” na “natanguliza shukrani”. Wazee wa Pwani walifungua nyaraka zao kwa “Ila janabi”, yaani kwa mheshimiwa, na kupamba majina mistari kadhaa kabla ya kuifikia haja. Mapambo hayo yana kazi yake. Humo ndimo mwandishi anapoonyesha kwamba anajua njia ya kuingilia mlangoni, na humo ndimo unapoweza kutambua kama barua ni ya wakili, ya kasisi, au ya mwalimu wa kijijini aliyelipwa senti chache aiandikie familia isiyojua kusoma, na pengine familia inayozungumza Kiayalandi nyumbani huku ofisi ikitaka Kiingereza. Muhtasari, hata ukiwa mzuri namna gani, huyapangusa yote hayo na kuacha shida peke yake, kama samaki aliyekwisha kutolewa mifupa.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kayole, mwanawe yuko rumande. Nilimuuliza anataka niandike nini. Akaniambia, “Mwanangu, wewe andika vile hao wakubwa wanapenda kusikia, mimi nitaweka kidole.” Nikamwambia, “Sawa mama, lakini nieleze kwanza vile ilikuwa.” Akaeleza kwa nusu saa, akarudi nyuma, akalia kidogo, akakumbuka jina la koplo, akalisahau tena. Kilichotoka kwenye printa kilikuwa ukurasa mmoja na robo. Mtu akija kuuweka ukurasa huo katika katalogi miaka mia mbili baadaye, ataandika: ombi la mama kuhusu dhamana ya mwanawe. Hatakuwa amekosea, lakini atakuwa amemhariri mama yule mara ya pili, baada yangu mimi kumhariri mara ya kwanza.

Jambo ambalo katalogi imelihifadhi vizuri, na ambalo sikulitarajia, ni upande wa nyuma wa barua. Barua ikifika Kasrini ilikunjwa mara kadhaa hadi ikawa kipande chembamba kinachokaa vizuri katika bunda, na juu ya mkunjo makarani wakaandika nambari, tarehe, jina la mwombaji na kiini cha shauri, kisha mkubwa akaongeza dokezo lake fupi: ipelekwe kwa jaji aliyehukumu atoe maoni, aulizwe hakimu wa wilaya, au hakuna linaloweza kufanyika. Maelezo ya katalogi mara nyingi hulitaja dokezo hilo, kwa hiyo katika mistari michache unaona swali na jibu vikiwa pamoja. Majibu mengi ni ya kukataa. Hata hivyo barua ya mjane asiye na kitu ilipewa nambari katika rejesta ileile ilimoingizwa barua ya kabaila mwenye ardhi, na karani aliyeulizwa habari zake aliweza kunyoosha mkono akaitoa.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Mwaka jana niliandika barua yangu mwenyewe, si ya mteja, kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kuhusu vibanda vyetu. Niliipeleka kwa mkono, nikaomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa, nikaambiwa mhuri uko kwa mtu aliyetoka. Niliporudi wiki ya tatu, barua haikuwepo na aliyeipokea alikuwa amehamishwa. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuidharau masjala yenye nambari, hata kama masjala hiyo ilikuwa ya utawala uliowasafirisha watu kwa kutembea usiku.

Kwa atakayeijaribu, nina maelekezo machache. Tafuta kwa Kiingereza, na uwe mvumilivu na tahajia za majina, maana mwandishi wa kijijini aliandika alivyosikia. Jaribu majina ya zamani ya mahali pamoja na ya sasa: Offaly iliitwa King's County na Laois iliitwa Queen's County, na bandari ya Dún Laoghaire ilipewa jina Kingstown baada ya Mfalme George IV kuizuru nchi mwaka 1821. Ukitaka kuona njaa ya 1822, usitafute neno “njaa” peke yake. Tafuta viazi, homa, barabara. Na ukiona waraka unaokugusa, nakili nambari yake yote kabla ya kufunga ukurasa, kwa kuwa ukihitaji kuisoma barua yenyewe neno kwa neno, nambari hiyo ndiyo utakayowatajia wahifadhi wa Dublin.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka hadi siku nitakapoweza kuzisoma barua zenyewe, na mapambo yake, kutoka hapa chini ya ngazi.

Nyongeza moja: baada ya kuzoea katalogi hii nimenunua daftari la mistari, na kila barua inayotoka mezani pangu sasa ina nambari, tarehe, jina la mwenye shida na ofisi iliyoandikiwa. Mama wa Kayole alirudi Jumatatu kuuliza barua yake ilikuwa ipi kati ya zile. Nikafungua daftari, nikamwambia: ya kumi na saba, mama, na nakala yako hii hapa.