BIM katika jengo la abiria: umeme inauona, maji bado inayapapasa

Anayeuziwa huduma ya BIM (modeli ya kidijitali ya jengo, yenye taarifa za kila sehemu yake) kwa ajili ya uwanja wa ndege huonyeshwa kwanza picha ya jengo la abiria ikizungushwa kwenye skrini, kuta zikivuliwa moja baada ya nyingine. Picha hiyo ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vyote. Kinacholipiwa ni taarifa iliyowekwa ndani ya kila kifaa: kioo hiki hupitisha joto kiasi gani, feni ile ina nguvu gani, bomba lina kipenyo gani na linatokea wapi.

Kwa upande wa nishati, nimeridhika. Jengo la abiria lina kumbi pana zenye dari za juu na kuta za vioo, na sehemu kubwa ya umeme wake huishia kwenye viyoyozi na taa. Modeli ikiandaliwa mapema katika Revit (programu ya kuundia modeli za BIM), kumbi zake zinaweza kufanyiwa hesabu ya nishati kwa EnergyPlus, programu ya Wizara ya Nishati ya Marekani, na msanifu akajua, kabla msingi haujachimbwa, atapata nini akirefusha kivuli cha paa, au akipoza hewa ya chini tu walipo watu na kuiacha ya juu na joto lake.

Kasoro iko kwenye ratiba. Modeli moja niliyopewa niikague ilikuwa na ratiba ya ofisi katika kila ukumbi, hata wa kupokelea mizigo, kana kwamba abiria huingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Ukumbi wa kuondokea hufurika ndege zinapofuatana, kisha hubaki mtupu, na huenda ukafurika tena usiku wa manane. Majibu ya modeli ile yalipangwa vizuri sana, na hayakuwa na maana yoyote mpaka ratiba halisi ya safari za ndege ilipoingizwa.

Kwenye maji, sifa zangu zinapungua. EnergyPlus hukokotoa maji yanayopotea katika minara ya kupozea, lakini vyoo, majiko na bustani hutegemea makadirio ya mwandaaji, na akikadiria ovyo hakuna wa kumsahihisha. Modeli hufaa zaidi pale penye mifumo miwili ya mabomba. Uwanja wa ndege wa Hong Kong, kwa mfano, hutumia maji ya bahari kusafishia vyoo, na katika jengo la namna hiyo ni lazima ijulikane bila shaka bomba lipi limebeba maji ya kunywa na lipi halikubeba. Hapo BIM haina mpinzani. Humfaa pia fundi anayetafuta uvujaji, kwa kuwa humwonyesha vali iliyo nyuma ya ukuta (aliyewahi kubomoa vigae vya choo kizima akitafuta kiungo kimoja ataelewa).

Wakati wa makabidhiano, ninashauri mteja adai faili la IFC, muundo ulio wazi unaosomwa na programu nyingi, pamoja na utaratibu wa taarifa unaofuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM, ili asifungwe na programu ya mkandarasi mmoja. Kisha achukue orodha ya mita za umeme na maji, azunguke jengo kwa miguu, alinganishe namba ya kila mita ukutani na iliyo kwenye modeli. Zisipolingana, asitie saini.