Kingamwili ya PD-L1, klooni E1L3N: tathmini baada ya miezi 6 ya matumizi

Katika maabara yetu ya utafiti hapa Nairobi tumetumia kingamwili hii ya sungura (klooni ni kingamwili ya aina moja, itokayo kwenye ukoo mmoja wa seli) kupaka rangi vipande vya tishu ili kuitafuta PD-L1, protini ambayo seli nyingi za saratani huiweka kwenye utando wake ili, inaposhikana na PD-1 iliyo juu ya seli T, izime shambulio la kinga ya mwili.

Kilichoniridhisha zaidi ni usafi wa rangi inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika. Kwenye vipande vya kondo la nyuma na vya tezi za koo, ambavyo tunavipaka pamoja na kila kundi la sampuli kama vielelezo vya kulinganishia, mstari wa kahawia huonekana wazi ukizunguka seli bila ukungu nyuma yake. Vipande vilivyokaa mno katika fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), hata hivyo, vilitoa rangi hafifu hadi tulipoongeza muda wa kuvichemsha katika bafa ya EDTA, kimiminika kinachoifichua tena protini ili kingamwili iishike. Na msomaji wa slaidi awe makini sana, kwa kuwa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli) nazo hupokea rangi na huweza kuhesabiwa kimakosa kuwa ni saratani.

Kwa kuwa klooni hii hushika sehemu ya protini iliyo ndani ya seli, haifai kwa seli hai ambazo utando wake haujatobolewa. Naipendekeza kwa utafiti tu. Matibabu ya mgonjwa yaamuliwe kwa vipimo vilivyoidhinishwa, kama kile cha 22C3, klooni nyingine ya kingamwili ya PD-L1.

Bei ni nzito kwa maabara ndogo. Chupa yetu ya kwanza ilifika barafu ikiwa imeyeyuka kwa uzembe wa msafirishaji, kwa hiyo unapoagiza, dai kipimajoto kiwekwe ndani ya sanduku.